Bega la Fundi wa Makuti

Siku mliyoniaga mlinitaka niseme neno. Nikasema, "Asanteni, Mungu awabariki," nikaketi. Zawadi, aliyeketi kando yangu, akaninong'oneza, "Bi Mwanamisi, miaka thelathini na miwili ya kazi haiwezi kuisha kwa maneno matatu." Nilimwambia nitaandika. Basi niko nyumbani kwangu Gazi, chai iko kando, naandika kama nilivyoahidi. Jina la hospitali nitaliacha, mnalijua. Habari za vyeo nitaziacha pia. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa mnavijua zaidi.

Nilianza kazi ya fiziotherapia katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, mwisho kabisa wa veranda. Vitanda vilitolewa, kutu ikabaki. Mkuu wangu alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara aliyeletwa Pwani kwa miaka miwili akakaa ishirini. Kiswahili chake hakikuwahi kuzoea Pwani, ila tumbo lilizoea upesi, kwani mahamri alikuwa akila manne kabla ya saa nne. Nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili, nikidhani nitapewa mgonjwa. Alinipa kiti, akakiweka mbele ya dirisha.

"Kaa hapo mpaka saa sita," alisema. "Watu wanapita. Wewe niambie nani anaumwa wapi."

Nikakaa. Nilimwona mzee mmoja akichechemea kutoka langoni, nikasema huyo ana goti bovu.

"Huyo ni askari wetu," akasema Bwana Mutua. "Viatu vinambana. Endelea kuangalia."

Nilikaa kwenye kiti hicho siku tatu. Siku ya nne ndipo aliponikabidhi kipimo chetu cha pembe, ambacho nyinyi siku hizi mnacho kwenye simu. Kilikuwa rula mbili za plastiki zilizoshikanishwa kwa msumari, na duara lenye namba za digrii. Rula moja unailaza ubavuni kwa mgonjwa, ya pili inafuata mkono wake unavyoinuka, kisha unasoma namba. Namba za chetu zilikuwa zimefutika kati ya arubaini na sitini, kwa hiyo mgonjwa akifika hapo tulikuwa tukimkadiria kwa imani.

Akanipa na sharti moja kuhusu bega: "Mtu akae. Mgongo uwe wazi. Wewe simama nyuma yake. Bega linaongea kwa nyuma, mbele linadanganya."

Nililiandika sharti hilo katika daftari. Laiti kuandika kungekuwa ni sawa na kutii.

Mwaka wangu wa sita ndipo alipoletwa Fundi Bakari. Alikuwa mtu wa Mwabungo, umri wa miaka arubaini na kitu, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini kama mtu anayezungumza msikitini. Kazi yake ilikuwa kuezeka makuti. Mapaa makubwa ya hoteli za Diani, yale yanayopanda juu kama kilima, mengi yalipita mikononi mwake. Alikuwa ametokwa na uvimbe upande wa kulia wa shingo, wakamchunguza, ikawa ni saratani. Alifanyiwa upasuaji Mombasa. Tezi za upande ule ziliondolewa zote, na kidonda kilipona vizuri, mstari mmoja mrefu kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga.

Kwa wale wapya miongoni mwenu nieleze kidogo. Ubavuni mwa shingo hupita neva moja nyembamba kama uzi wa kushonea. Hiyo ndiyo inayouamsha msuli mpana unaoshikilia kombe la bega. Tezi zenye ugonjwa zinapotolewa, neva hiyo iko palepale njiani. Pengine huachwa, lakini kwa kuguswaguswa ikalala miezi mingi. Pengine ugonjwa umeikumbatia, na hapana budi ikatwe. Hapo hapana wa kumlaumu, mtu amebakishiwa uhai wake. Lakini kombe la bega limekosa wa kulishika. Bega linashuka, linauma, na mkono ukifika usawa wa bega unagoma kwenda juu.

Fundi Bakari alikuja akitaka kitu kimoja. Msimu wa wageni ulikuwa unakaribia, mapaa yanataka kurekebishwa, na mkandarasi aliyemwajiri alimwambia alete barua ya hospitali inayosema anaweza kupanda.

"Shikamoo, fundi," nilimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na mkono je?"

"Alhamdulillahi."

"Unauma?"

"Alhamdulillahi, si haba."

Nilikuwa na fomu iliyotoka ofisini, yenye maswali ya kupima ulemavu wa bega na mkono. Ilikuwa imetafsiriwa na mtu ambaye, kwa ninavyodhani, hakuwahi kuwa na bega. Swali la kwanza lilisema: "Je, unapata ugumu wa kiwango gani katika kutekeleza shughuli zilizo juu ya usawa wa kichwa?" Fundi Bakari akalisikiliza kwa heshima, akajibu, "Alhamdulillahi." Swali lingine liliuliza kuhusu kucheza gofu. Akatabasamu. "Hiyo wanacheza wageni, binti yangu. Mimi huwatazama nikiwa juu ya paa."

Nikamaliza fomu nzima. Kwa mujibu wa majibu yake, hakuwa na ulemavu wowote. Kwa mujibu wa majibu yake, wala hakuwa na sababu ya kuja hospitali.

Nikamwomba avue shati nimpime.

Akainamisha macho. "Binti yangu, unisamehe. Si vizuri."

Mimi ni mtoto wa huku. Nimelelewa na adabu hizohizo. Mwanamume wa umri wa ami yangu ananiambia si vizuri, nitamlazimisha vipi? Bwana Mutua alikuwa na mgonjwa mwingine upande wa pili wa pazia, na ningeweza kumwita. Sikumwita. Nilijiambia nimheshimu mzee wa watu. Nikamwambia alale kitandani na shati lake, nikaushika mkono wake kwa kiganja changu, nikaupandisha taratibu. Ukaenda juu vizuri, karibu na sikio. Nikasoma digrii mia na sitini. Nikamwambia asimame, ainue mwenyewe. Akainua, na kiwiliwili chake chote kikaegemea kushoto kama mnazi wa ufukweni, na mkono ukaonekana uko juu. Nami nikaona mkono tu.

Nikaandika barua: anaweza kurudi kazini. Nikatia sahihi. Nilikuwa na sahihi nzuri siku hizo.

Baada ya siku tisa Fundi Bakari aliletwa tena, safari hii kwa machela, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Alikuwa kwenye ngazi, akiezeka ukingo wa paa la mkahawa huko Diani. Alinyoosha mkono wa kulia kushika ufito ulio juu ya kichwa chake. Mkono haukwenda. Basi akafanya alivyozoea kufanya, akautupa mwili upande wa kushoto ili mkono uinuke. Ukiwa chini unaweza kuutupa mwili utakavyo. Juu ya ngazi, mwili ukienda kushoto na ngazi inaufuata.

Nilikwenda wodini. Aliponiona alijaribu kuketi.

"Usijisumbue, binti yangu," alisema. "Ni mipango ya Mungu."

Angenitukana ningepata nafuu. Niliporudi chumbani kwetu nilimkuta Bwana Mutua ameshika faili.

"Ulimpima akiwa amelala?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na shati?"

"Alikuwa nalo. Alisema si vizuri kulivua."

Akauliza, bila ukali wowote, "Sasa hiyo paa, huyu mzee anaiezeka akiwa amelala?"

Nikaanza kulia. Akanimiminia chai. Nikamwambia sifai kazi hii, nitaandika barua ya kuacha.

"Barua ya kwanza ilikuwa mbaya," akasema, "na sasa unataka kuandika nyingine? Enda kwake. Uone vile anaishi."

Nilikwenda Mwabungo Jumamosi, Fundi Bakari akiwa bado wodini. Nilipiga hodi, akatoka mkewe, Bi Mwanasiti, mwanamke mnene mwenye macho makali, leso moja kiunoni na nyingine kichwani. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema mimi ndiye niliyeandika barua. Nilingoja anifukuze. Alinivutia kigoda.

"Alikwambia nini ulipomuuliza?" akaniuliza.

"Alisema alhamdulillahi."

"Na wewe ukaandika hivyo?"

"Nikaandika hana tatizo."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe ni wa huku. Mtu akikwambia alhamdulillahi, amekwambia anaumwa wapi? Amemshukuru Mola wake tu. Hata maiti tunamshukuria."

"Nilimwambia avue shati. Alikataa, akasema si vizuri."

Hapo Bi Mwanasiti akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Hawezi kulivua. Tangu alipotoka Mombasa, shati humvua mimi na humvisha mimi. Mkono mbovu kwanza, kisha ule mzima. Wakati wa kuvua, ule mzima kwanza. Nikikosea anakaza meno, lakini halii. Ulimtaka avue mbele yako, angekwambia nini? Aseme niitiwe mke wangu?"

Chuoni nilifundishwa utaratibu huo wa mkono mbovu kwanza, kwa muhula mmoja, na kwa mtihani. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Bega lenyewe," akajibu.

Akanieleza mengine. Kwamba mumewe halali ubavu wa kulia. Kwamba akisali, mkono mmoja hufika sikioni katika takbira na mwingine huishia kifuani, na kwa ajili hiyo ameacha kwenda msikitini, husali chumbani. Kwamba kuosha kichwa huinama mpaka karibu apige magoti, ili kichwa kiufuate mkono. Kwamba alimwapisha mkewe asimwambie mtu, kwa sababu fundi asiyeweza kuinua mkono ataitwa nani? Yote hayo yalikuwa ndani ya nyumba ile, wala hakuna hata moja lililokuwa ndani ya fomu yangu.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa. "Kwa nini hukuja naye?"

"Hukuniita," akasema. Kisha, kwa upole zaidi, "Na mimi pia nilitaka arudi kazini. Alikuwa akikaa hapo uani akitazama mapaa ya watu. Nilidhani akipanda atapona."

Tulikaa hapo, wanawake wawili tuliomsukuma mtu mmoja juu ya ngazi, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe.

Mguu ulipofungwa na kuanza kushika, Fundi Bakari alianza kuja kwetu kwa ajili ya bega. Safari hii Bi Mwanasiti aliingia naye. Bwana Mutua alivuta pazia, mkewe akamvua shati, nami nikasimama nyuma. Kombe la bega la kulia lilikuwa limeteleza nje na chini, limejitokeza kama mlango uliong'oka bawaba moja. Msuli ulikuwa umekonda, unaweza kuhesabu mbavu. Nilimzuia kiwiliwili kwa mkono mmoja asiegemee, nikamwambia ainue. Digrii sitini na tano. Nikapima mara tatu, kwa sababu sikutaka kuamini, na mara zote tatu ilikuwa ileile.

"Ni ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na ile mia na sitini niliyoandika mwanzo, na kwamba nilikosea.

"Tulikosea wote," akasema. "Mimi nilikuficha."

Tulianza kazi. Alikaa mbele ya kioo akijifunza kurudisha makombe ya mabega nyuma bila kupandisha mabega juu. Alivuta mpira wa baiskeli uliofungwa dirishani. Tulikuwa na kamba na kapi juu ya mlango, ya kusaidia mkono mgonjwa uvutwe na ule mzima, nayo ilikuwa ikikwama kila siku. Fundi Bakari aliitazama wiki mbili, uvumilivu ukamwisha, akamwelekeza mkewe apande kiti aifungue. Akaifunga upya kwa mafundo yake ya makuti, yeye akiwa chini na Bi Mwanasiti juu, wakigombana njia nzima. Haikukwama tena.

Siku za mapumziko tuliandika maswali upya, sisi watatu. Nilisoma swali la ofisini, Fundi Bakari akalikataa, Bi Mwanasiti akasema linavyopaswa kuulizwa. Badala ya shughuli zilizo juu ya usawa wa kichwa, tukauliza kuhusu kuanika nguo kambani. Tukaweka kuosha kichwa, kujitanda mtandio, kulala ubavu, kubeba ndoo, kukuna mgongo. Gofu tuliiondoa bila kura. Lakini jambo kubwa alilotufundisha yule mama ni kutouliza "unaweza?" Alisema ukimuuliza mtu wa Pwani kama anaweza, anasikia kama unamuuliza yeye ni mtu au si mtu, na lazima ajibu ndiyo. Uliza mara ya mwisho alifanya lini. Uliza nani alimsaidia. Mtu atakwambia, "Juzi, mke wangu alinishikia," na hapo ndipo penye namba yako.

Maswali yakawa kumi na moja. Bwana Mutua aliyasoma akiwa na hamri mdomoni, akasema Kiswahili ni kigumu lakini maswali ni mazuri. Alipostaafu kurudi kwao, alichukua nakala moja. Aliniandikia baadaye kwamba kule kwao swali la mtandio wamelifanya la kubeba kuni kwa kamba ya kichwani. Nilifurahi.

Baada ya mwaka, bega la Fundi Bakari lilifika digrii themanini na nane, na siku njema tisini. Maumivu yalipungua, akaweza kulala. Alirudi msikitini. Mkono wa kulia bado uliishia karibu na kidevu, lakini alisema imamu alimwambia Mungu hapimi kwa rula. Shati akajifunza kuvaa mwenyewe, lenye vifungo mbele, kwa utaratibu wa mkewe. Ngazi hakupanda tena. Mkandarasi alimpa kazi ya chini, kukagua makuti yanayoletwa na kufundisha vijana kufunga. Na kila Jumanne ya kliniki ya mabega alikuwa akija, hakuitwa na mtu, akakaa kwenye benchi la veranda na wagonjwa wapya waliotoka kufanyiwa upasuaji wa shingo. Aliwauliza maswali yale kumi na moja kabla hawajaingia kwangu. Wengine walianza na alhamdulillahi. Aliwajibu, "Naam, tumshukuru. Sasa nambie shati umevaaje." Nami nikawapokea wakiwa wameshasema ukweli mara moja, na mara ya pili huwa rahisi.

Bi Mwanasiti alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Jumanne iliyofuata baada ya matanga, Fundi Bakari alikuwa kwenye benchi lake.

Wiki yangu ya mwisho alikuja nimpime. Hakukuwa na haja, lakini alisema hataki kupimwa na mwingine kabla sijafunga kazi. Ana miaka sabini na kidogo sasa. Akavua shati mwenyewe, polepole, nami nikasimama nyuma yake. Digrii sabini na nne. Nilisita.

"Sema," akasema. "Nishakuzoea."

"Sabini na nne, fundi. Umeshuka."

"Umri," akasema, akacheka kidogo.

Tulipitia maswali yote. Alijibu moja moja, kwa ukweli, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Tulipomaliza nikafunga faili, na kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, na kwa kuwa sikujua niseme nini, nikamuuliza tu, "Na wewe mwenyewe, fundi? Huko kutopanda umekuzoea?"

Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akiutazama.

"Sijakuzoea," alisema. "Kila mvua ikinyesha husikiliza paa la nyumba yangu, nikajua mahali panapovuja, na nikajua ningelifunga vipi. Miaka yote hii, Bi Mwanamisi. Hapana siku niliyoacha kupanda ndani ya kichwa changu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

Nilimpima mtu yule kwa miaka ishirini na sita, nikiwa nyuma yake, mgongo ukiwa wazi, kama nilivyofundishwa. Swali hilo halimo katika yale kumi na moja. Zawadi, liongezeni, na mliulize mkiwa mmekaa mbele ya mtu, si nyuma.